Ziada Hatoki Kwenye Picha

Shemeji yangu Ziada ana tabia moja inayonichosha: akishasema hapana, hata ulie machozi ya damu, utaondoka na hapana yako ileile. Nimeishi naye nyumba jirani miaka ishirini na sita, tangu mdogo wangu Bashiru alipomwoa huko Kitomanga, na katika miaka yote hiyo nimemshinda ubishi mmoja tu, wa mwandamo wa mwezi wa Idi, na hata huo anadai alinihurumia. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani nampamba kwa sababu ni mke wa ndugu yangu. Ningekuwa fundi wa kupamba watu ningeanza na mimi mwenyewe.

Ziada si mtu wa pwani. Kwao ni wakulima wa korosho na ufuta, watu wanaoiona bahari siku wakipelekwa Lindi mjini hospitali. Alipoletwa hapa kijijini kwetu, mwendo wa bodaboda kutoka Pande, alikuwa akipandisha khanga na kurudi nyuma kila maji yalipomgusa kidole cha mguu. Sisi wote tulicheka isipokuwa mama yangu mzazi, Bi Kidawa. Mama alimtupia raba kuukuu na chuma, akamwambia, "Mwanangu, huku jembe lako halina kazi. Twende."

Hicho tunachokiita chuma ni fimbo nyembamba ya nondo iliyopindwa kidogo nchani. Kila mwanamke wa hapa ana chake, na hakiazimishwi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali sana na mwamba wetu wa Chanjale hubaki nje karibu kilomita mbili. Hapo ndipo wanawake huingia kusaka pweza. Mama alimfundisha Ziada kutazama maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni mwa tundu, maana pweza anakula vizuri lakini hafagii uani kwake. Alimfundisha kuvuta taratibu, na kumtambua jike anayeatamia mayai, ambaye huacha kula na kutulia tunduni hata ukapita ukadhani hamna kitu. Miaka mitatu baadaye mwanafunzi alikuwa akirudi na kapu zito kuliko la mwalimu wake. Mama alimsifu kijiji kizima, mpaka wakwe wa nyumba nyingine wakaanza kuchukia.

Kisha pweza wakaanza kupungua. Miaka saba iliyopita walikuwa wadogo kama ngumi ya mtoto, na mtu alishinda mwambani akatoka na wawili. Ziada akaenda kuwatazama wenzetu wa visiwani wanavyofanya: wanaufunga mwamba miezi mitatu, hakanyagi mtu, halafu wanaufungua siku moja, wote kwa pamoja. Aliporudi akaitisha mkutano. Rashidi, mwenyekiti wa wavuvi, alicheka mpaka akashika mbavu, akauliza bahari inafungwa kwa kufuli la namna gani.

"Nipe miezi mitatu," Ziada akamjibu. "Nikishindwa nitakupikia wewe na wake zako wote wawili mwaka mzima."

Hajapika hata siku moja. Siku ya kufungua wanawake walitoka na pweza wanaoburuza mikono mchangani, na Rashidi alikuwa wa kwanza kuja na sahani. Tangu hapo tunafunga mara mbili kila mwaka. Vibendera vyekundu kumi na viwili husimikwa pale mchanga unapokutana na mwamba, na kamati ya bahari inasimamia. Ziada ni mwenyekiti, mimi ni katibu, kwa kuwa ni mwalimu mstaafu na mwandiko wangu unasomeka. Adhabu yetu ni moja. Atakayeingia mwamba umefungwa ananyang'anywa chuma chake, na siku ya kwanza ya kufungua, siku yenye pweza wakubwa kuliko zote, anakaa nje akiwatazama wenzake. Chuma anarudishiwa siku ya pili.

Adhabu hiyo mwaka huu ilimpata mama yangu.

Mama ana miaka sabini na minne. Alisema aliamka na hamu, dagaa wamemchosha, na hakuona ubaya. Akavaa raba, akaingia mwambani mchana kweupe, mbele ya vibendera vyote kumi na viwili, bila hata kujificha. Akapata pweza mmoja, mdogo. Alipotoka alimkuta Ziada amesimama mchangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba chuma, mama."

Mama alidhani anapokewa mzigo, akampa. Ziada akakishika, akatangaza mbele ya watu saba kwamba Bi Kidawa ameingia mwamba uliofungwa na siku ya kufungua atakaa nje. Watu wakainamisha vichwa. Mama akabaki na pweza wake mkononi.

Niliposikia nilimfuata Ziada nyumbani kwake damu ikinichemka. Nilimwambia yule ndiye aliyemshika mkono mpaka akaijua bahari, na kwamba kumvunjia heshima mzee wa watu kwa pweza asiyetosha mchuzi ni ukatili.

"Shemeji, umemaliza?" akaniuliza. "Andika jina lake kwenye daftari."

"Siandiki."

"Basi nipe kalamu."

Akaandika mwenyewe, herufi zimelala huku na huku kama mikorosho iliyopigwa na upepo. Kuanzia siku hiyo mama hakumsemesha tena. Akipita mbele ya nyumba ya Ziada alimpa kisogo. Bashiru, aliyebanwa kati ya mke na mama, alihamia shambani kulinda mikorosho ambayo ilikuwa bado haijatoa hata ua moja.

Wiki mbili baadaye, mwamba bado umefungwa, wakaja wageni. Mkubwa wao aliitwa Abdulwahab, mtu wa makamo mwenye maneno matamu, kutoka kampuni iitwayo Upeo wa Kusini. Alisema kazi yao ni kuitangaza pwani hii kwa watalii na wawekezaji, kwamba dunia inajua Zanzibar na mbuga za wanyama lakini huku kwetu haijui. Alikuja na mpiga picha, binti mmoja mpole aitwaye Debora, na kidege cha kupigia picha kutoka juu.

Sitasema uongo, tulifurahi. Watalii wanaofika wilayani wanakwenda kuona magofu kisiwani, wanapiga picha, wanaondoka. Nani asingependa mgeni mmoja akate kona kuja kwetu? Ziada alifurahi kuliko wote, na furaha yake ndiyo iliyotuponza. Alitaka wageni waone jinsi mwamba wetu unavyofungwa barabara. Akawatoa watoto waliokuwa wakicheza mpira. Akawaamuru waanika dagaa wahamishe chanja zao nyuma ya minazi. Mbuzi wa Rashidi wakafungwa. Mimi, mtu mzima na mvi zangu, nilishika fagio nikaondoa makumbi ya nazi.

"Leo wataona nidhamu," Ziada alisema, mikono kiunoni.

Kidege kikapaa, kikazunguka. Chini hapakuwa na mtu wala chanja wala mbuzi, vibendera vyekundu tu vikipepea. Tukawapigia makofi. Abdulwahab akatushukuru sana, akala pilau yetu, akaondoka.

Mwezi mmoja na nusu ukapita. Nilikwenda Kilwa Masoko kupimwa macho, nikashukia gesti moja ambayo mpokea wageni wake, Francis, ni mwanafunzi wangu wa zamani. Akanipokea kwa shangwe.

"Mwalimu, kijiji chenu kimetoka kitabuni!"

Mezani palikuwa na rundo la vitabu vya karatasi inayong'aa. Akanifungulia. Kurasa mbili nzima ni Chanjale, mchanga mweupe, maji ya kijani, na chini maandishi: "Kilomita mbili za ufukwe ambao haujaguswa. Hakuna wakazi, hakuna shughuli. Chanjale inamsubiri mwekezaji wa kwanza." Nikavaa miwani nitafute vibendera. Sikuviona. Nikakipeleka kitabu dirishani penye mwanga, nikatafuta pembe zote. Havikuwamo. Mtu amekaa mahali, akavifuta kimoja kimoja.

Nilimpelekea Ziada kitabu kile siku hiyohiyo. Aliketi kwenye ngazi ya mlango akaweka kidole juu ya picha, akaonyesha mahali palipokuwa kibendera cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha kumi na mbili. Hakukosea hata kimoja. Kisha akasoma maandishi polepole, akarudia.

"Wametufuta, Shemeji," akasema. "Na sisi tukawasaidia kufagia."

Nimewahi kumwona Ziada akikasirika mara nyingi, mara nyingine kwa sababu yangu. Siku ile hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Barua ilifika wiki hiyo. Upeo wa Kusini wangeleta wawekezaji wawili siku ya Jumanne waone eneo, na waliambatanisha fomu ambayo katibu wa kamati ya bahari, yaani mimi, nilitakiwa kutia saini kuthibitisha kwamba ufukwe wa Chanjale hauko kwenye matumizi yoyote. Baada ya hapo jambo lingepelekwa mkutano mkuu wa kijiji. Huku na huku ni mikoko na tope la kufika kiunoni, kwa hiyo mchanga ule ndiyo njia pekee ya kuufikia mwamba. Ukijengwa ukuta pale, vyuma vyote vya kijiji vitaning'inia ukutani mpaka viliwe na kutu.

Tulikutana darasa la tano, shuleni. Wanawake walijaa mpaka madirishani. Rashidi alisimama wa kwanza, na nitamtendea haki, hakusema upuuzi.

"Hoteli ni kazi," alisema. "Wajukuu zangu wamemaliza shule wanashinda kijiweni. Nyie mnataka tukae na pweza mpaka kiama?"

"Hoteli ije!" Ziada akajibu. "Nani kakataa hoteli? Kule nyuma kuna mashamba ya mkonge ya zamani, vichaka vitupu, nyoka ndio wenyeji. Wajenge kule. Wakitaka bahari waje, tutawaongoza wenyewe, tutawapikia. Mimi ninakataa jambo moja, Rashidi. Nakataa kuambiwa sipo wakati nimesimama hapa."

Rashidi alikuna kichwa, akakaa. Ndipo akainuka Umi, msichana mwenye akili inayokimbia.

"Jumanne si ni bamvua?" akasema. "Maji yatatoka. Tufungue siku hiyo! Wakute wanawake mia mwambani na makapu yao, tuone nani ataandika hapatumiki."

Darasa zima likalipuka kwa vigelegele. Kusema kweli na mimi niliunyoosha mkono. Lilikuwa wazo zuri. Siku yetu ya kufungua ilikuwa bamvua inayofuata, siku kumi na tano tu mbele. Siku kumi na tano ni nini mbele ya kupoteza mwamba wote?

"Hapana," Ziada akasema.

Kelele zikazuka. Wapo waliomwita kichwa ngumu, mmoja akasema wazi kwamba sheria zake zitatuua. Akawaacha mpaka wakachoka.

"Wakubwa sasa hivi wanaatamia," akasema. "Tukiingia Jumanne tunakanyaga mbegu ya mwaka mzima ili kumwonyesha mtu kamera. Halafu kuna jambo jingine. Nimemnyang'anya mama yangu chuma kwa pweza mmoja. Leo niwafungulie watu mia kwa sababu ya picha, nitamtazama kwa uso gani?"

"Hata sasa hakutazami," nikasema, na watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Jumanne tutakwenda," akaendelea. "Kila mtu na raba zake na chuma chake. Tutajipanga kwenye mstari wa vibendera tangu maji yanatoka mpaka yanarudi. Hataingia mtu, na hatatoka mtu."

Jumanne saa tatu asubuhi walikuwa wamejipanga. Niliwahesabu, wanawake mia moja na wanne, bega kwa bega, migongo kwa bahari, vidole vya miguu kwenye mchanga mkavu. Nyuma yao mwamba ulikuwa unajitokeza kidogo kidogo. Jua halikuwa na huruma. Nilimtafuta mama kwa macho sikumwona, nami sikushangaa.

Gari mbili zikafika. Akashuka Abdulwahab na shati lake lililopigwa pasi, Debora na kamera, na wawekezaji wawili: mama mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Grace, na mwanamume mwenzake aliyekuwa akipima kila kitu kwa hatua za miguu. Abdulwahab alipouona mstari ule akapigwa na butwaa, kisha akajikaza.

"Mama zetu, asanteni sana kwa mapokezi," akasema. "Sasa tunaomba mtupishe kidogo, dakika kumi tu, wageni waone eneo."

"Eneo ndilo hili," Ziada akajibu. "Waone."

"Nina maana waone likiwa wazi, mama. Bila watu."

"Bila watu mmeshaliona. Mmelitoa na kitabuni."

Akanigeukia mimi, akijua ndiye mwenye saini. "Mwalimu, wewe ni msomi. Siku ile tulipokuja hapakuwa na mtu hata mmoja hapa. Tumepiga tulichokiona."

"Mliona vibendera kumi na viwili," nikamwambia. "Viko ukurasa gani?"

Debora ndiye aliyejibu, macho chini. "Niliambiwa nivitoe. Ilisemekana vinaharibu mandhari." Kisha akaongeza, "Samahani, baba."

Grace akasogea mbele. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwili mkubwa, amevua viatu ameshika mkononi. "Vibendera vya nini?" akauliza.

Ziada akamweleza, bila kumung'unya maneno na bila kujipendekeza. Miezi mitatu, mayai, siku ya kufungua. Abdulwahab alikuwa akisikiliza kwa makini, na nikaona uso wake unachangamka.

"Si mmesikia?" akawaambia wageni wake. "Wenyewe wanakiri hawaingii. Miezi mitatu, tena mara mbili kwa mwaka, hakuna shughuli yoyote. Kitabu hakikukosea."

Nilitamani kumrushia kiatu. Umi alinyanyua chuma chake, na mwenzake akamshika mkono. Grace alikuwa akiutazama mwamba uliokuwa umetoka wote sasa, unang'aa maji.

"Lakini mama," akamwuliza Ziada, "maji yametoka, vyuma mnavyo, mko zaidi ya mia. Kwa nini hamuingii?"

"Kutoingia ndiyo kazi yetu ya leo," Ziada akasema. "Na ni ngumu kuliko kuingia. Kama huamini, simama na sisi."

Wakati huo ndipo mstari ulipofunguka upande wa minazi. Mama yangu alikuwa anakuja. Amevaa raba zake, amejifunga khanga kifuani, mikono mitupu. Alitembea mbele ya wanawake wote bila kumsalimu hata mmoja, akafika katikati, akajipenyeza kati ya Umi na Ziada, akasimama. Nilijua hasira za mama, na nikawaza kwamba ameichagua siku hii kumlipa mkwe wake.

Grace akampa shikamoo, mama akaitikia. Kisha mgeni akatazama mikono yake.

"Bibi, wenzako wote wana chuma. Chako kiko wapi?"

"Anacho huyu." Mama akamnyooshea Ziada kidole bila kumgeukia. "Mkwe wangu. Niliingia siku moja, pamefungwa. Nikatoa pweza mmoja, hata mchuzi hakutosha. Kaninyang'anya mbele za watu, na jina langu kaliandika kwenye daftari. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi hii. Mimi ndiye niliyemzalia mume."

Ziada alikuwa anatazama mbele, lakini niliona mkono wake unavyokibana chuma. Mama akavuta pumzi, akamgeukia Abdulwahab.

"Sasa wewe, baba, uliyeandika kwamba hapa hapana mtu. Hapa mimi mama mkwe siingii. Wewe unaingia kwa njia gani?"

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani vilisikika Pande. Rashidi, ambaye alikuja kutazama tu, alivua kofia akaipunga hewani akasahau kwamba anataka hoteli. Grace hakucheka. Alimtazama mama kwa muda, akamtazama Ziada, kisha akanyoosha mkono akachukua ile fomu kutoka kwa Abdulwahab, akanikabidhi.

"Mwalimu, andika ukweli," akasema.

Nimefundisha kuandika miaka thelathini na minne, na sijawahi kuandika neno kwa raha kama nilivyoandika siku ile. LINATUMIKA. Niliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Ziada akatia saini chini yangu kwa herufi zake zilizolala. Grace akaomba aonyeshwe yale mashamba ya mkonge, Rashidi akajitolea kumpeleka, njiani akimhesabia majina ya wajukuu zake wote. Kama atarudi kujenga, sijui. Hadi leo hajarudi, na wajukuu bado wako kijiweni. Hilo nalo ni kweli, na linaniuma.

Magari yaliondoka saa tano. Nikadhani watu watatawanyika, lakini hakuna aliyesogea. Walisimama palepale, jua utosini, mpaka maji yaliporudi na kulowesha miti ya vibendera, kama walivyokuwa wamesema. Baada ya hapo ndipo walipovua raba wakaanza kurudi. Mama na Ziada walikuwa wamebaki nyuma na mimi.

"Nipe chuma changu," mama akasema. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia baada ya miezi miwili na zaidi.

"Siku ya pili ya kufungua, mama."

"Hata baada ya leo?"

"Hata baada ya leo."

Nilimwona mama akivuta midomo kana kwamba amelamba ndimu. Nilijitayarisha kuamulia. "Ungenipa," akasema, "ningekudharau." Akatangulia nyumbani.

Vile vitabu havikuondolewa. Kampuni ilisema vimekwishachapishwa na kusambazwa. Sawa. Nilipanda gari hadi Kilwa Masoko na kalamu yangu nyekundu, ile ya kusahihishia madaftari, nikakaa kwenye gesti ya Francis nikachora vibendera kumi na viwili kwenye kila nakala aliyokuwa nayo. Nilipomaliza hapo nikahamia gesti ya pili, na ya tatu. Wenye gesti walinitazama kama mzee aliyeanza kurukwa na akili. Nakala ninazokutana nazo hadi leo nazisahihisha, na kalamu natembea nayo mfukoni.

Siku ya kufungua ilifika. Debora alikuja kwa nauli yake mwenyewe, akaomba ruhusa ya kupiga picha, Ziada akamruhusu kwa sharti kwamba asifute hata mbuzi. Maji yalitoka, mimi nikaking'oa kibendera cha kwanza, na wanawake wakaingia mbio wakipiga kelele, raba zikichapa maji. Mama alikuwa ameketi mchangani peke yake, mikono magotini, akiwatazama. Nilimwendea nimpe maneno ya kumliwaza, lakini nikakuta nimetanguliwa.

Ziada alikuwa ameketi kando yake. Chuma chake kiko mapajani, kapu lake tupu.

"Wewe unafanya nini hapa?" mama akamwuliza.

"Nimekaa."

"Wakubwa watakwisha. Nenda kavue."

"Hapana, mama."

"Ziada, adhabu ni yangu. Nimekosa mimi. Nenda mwanangu, watu watasema nimekuroga."

"Hapana."

Mama akanitazama mimi, kana kwamba kuna msaada ningeweza kumpa, mimi niliyemshinda mwanamke huyu mara moja tu katika miaka ishirini na sita. Nikainua mabega. Akatikisa kichwa, akaifungua khanga yake ya juu, akaitandaza mchangani ikawatosha wawili, akamwambia mkwewe asogee aikalie, jua ni kali na mchanga unaunguza.